“Mimi sina ndugu”: kumleta kaka wa stelingi katika sehemu ya nne

Swali la msomaji: “Tunaandika sehemu ya nne ya mfululizo wa filamu. Stelingi wetu ni nahodha wa meli ya uokoaji. Katika sehemu tatu zilizopita familia yake haikuzungumzwa kabisa, isipokuwa mara moja: katika sehemu ya pili, akiwa amelazwa, anamwambia muuguzi, ‘Mimi sina ndugu.’ Sasa mtayarishaji anataka adui wa sehemu ya nne awe kaka yake, wa baba mmoja na mama mmoja. Waandishi wenzangu wawili wanasema huku ni kuwadanganya watazamaji. Je, inawezekana kumleta kaka huyu bila kuziharibu filamu tatu za nyuma? Na kama inawezekana, tuanzie wapi?”

Inawezekana, mwandishi mwenzangu. Tena ile sentensi inayowanyima wenzako usingizi, ya kwamba hana ndugu, mimi naiona kuwa kitu cha thamani kuliko vyote mlivyo navyo mkononi. Nitaifikia. Haitawafaa kitu, hata hivyo, kama hatujaelewana kwanza juu ya kinachomuudhi mtazamaji anapoletewa ndugu asiyemjua.

Wenzako wanasema ni udanganyifu kwa sababu jambo hili halikupangwa tangu sehemu ya kwanza. Hoja hiyo iwekeni kando. Mwaka 1977, katika Star Wars ya kwanza, mzee Obi-Wan anamwambia kijana Luke kwamba Darth Vader alimsaliti baba yake na kumuua. Watu walitoka ukumbini wakiwa na watu wawili kichwani, baba aliyekufa na muuaji aliye hai. Mswada wa kwanza wa filamu ya pili, ulioandikwa na Leigh Brackett mwanzoni mwa mwaka 1978, uliwaacha hivyo hivyo: ndani yake baba wa Luke anatokea kama mzimu, na Vader ni mtu mwingine kabisa. Brackett alifariki Machi mwaka ule ule. George Lucas akaushika mswada, na katika kuuandika upya ndipo baba na muuaji wakawa mtu mmoja. The Empire Strikes Back ilipotoka mwaka 1980 hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio kwa kuwa jambo hili halikuwemo vichwani mwa waandishi miaka mitatu nyuma. Mtazamaji haulizi ulilifikiria lini. Anauliza, “Mbona hawakusema?” Na hapo alikuwepo mzee aliyejua, aliyekuwa na sababu ya kunyamaza, na aliyekuwa amemdanganya kijana uso kwa uso.

Swali hilo la “mbona hawakusema” ndilo kazi yenu yote. Angalia kinachotokea mnapomzua kaka. Hadi jana nahodha wenu hakumtaja kaka yake kwa sababu kaka hakuwepo duniani. Kuanzia leo hakumtaja kwa sababu aliamua kutomtaja. Zile saa za filamu tatu zimejaa maamuzi ambayo mwigizaji hakujua kwamba anayafanya: alipokaa peke yake sikukuu nzima, alipoulizwa ametoka wapi akabadilisha mazungumzo, alipomwokoa mtu na ndugu zake wakaja kumkumbatia yeye akasimama pembeni. Ukimya uliokuwa mtupu sasa una kitu ndani. Mkiujaza vizuri, filamu zenu za zamani zitaongezeka uzito, na mtu atarudi kuzitazama upya. Mkiujaza vibaya, mtakuwa mmemfanya mtu aliyependwa kwa miaka aonekane mwongo, au mtu asiye na moyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, na nimeutazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, ni Indiana Jones and the Last Crusade ya mwaka 1989. Filamu mbili zilikuwa zimepita, za mwaka 1981 na 1984, na baba wa shujaa hakuwa na nafasi yoyote ndani yake. Ghafla filamu ya tatu inamleta, ikimpa sura ya Sean Connery. Waandishi wangeweza kutunga kisa kirefu cha kueleza alikuwa wapi. Badala yake wanawaweka baba na mtoto kwenye meza moja ndani ya ndege ya puto, na mtoto analalamika kwamba hawakuwahi kuzungumza. Baba anajibu kwa utulivu kabisa: mimi niko hapa, unataka tuzungumze nini? Na mtoto, profesa mwenye lugha nyingi, anakosa la kusema. Ukimya wa filamu mbili umekuwa ndio lalamiko lenyewe. Hakutajwa kwa sababu hapakuwa na mazungumzo kati yao ambayo yangetajwa. Halafu mwishoni kabisa, mtoto ananing’inia juu ya shimo akijinyoosha kukifikia kikombe, na baba aliyemwita “Junior” filamu nzima anamwita kwa mara ya kwanza kwa jina alilojichagulia mwenyewe, akimwambia akiache. Jina moja tu, na deni la miaka mingi linalipwa.

Filamu hiyo hiyo ina mfano wa upande wa pili, kwa hiyo inafundisha mara mbili. Inaanza na kipande cha mwaka 1912, shujaa akiwa mvulana, na ndani ya siku moja tunaonyeshwa alikopata mjeledi, kovu la kidevuni, kofia, na hofu ya nyoka. Kinaburudisha sana. Lakini kinajibu maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza; kovu lenyewe ni la Harrison Ford, alilipata katika ajali ya gari ujanani, na limekuwa usoni pake muda wote bila kuhitaji maelezo. Mtu anayeogopa nyoka anaeleweka bila kutuonyesha siku aliyoangukia kwenye sanduku la nyoka. Ninapowashauri waandishi huwa nawaambia wapime maisha ya nyuma wanayotunga kwa filamu hii: je, mnachotunga ni kovu, au ni meza ile ya baba na mtoto?

Sasa nikupe zana ninayoitegemea zaidi. Chukua karatasi uandike majina ya kila mhusika ambaye, kwa hadithi yenu mpya, alipaswa kujua kwamba nahodha ana kaka. Mama yao. Rafiki wa utotoni. Mke, kama yupo. Mkuu wa kikosi aliyesoma faili lake siku anaajiriwa. Kisha mbele ya kila jina andika sababu yake ya kunyamaza filamu tatu nzima. Kadiri wanaojua wanavyoongezeka, ndivyo sababu zinavyopungua nguvu, maana mtu mmoja huweza kuificha siri kwa aibu au kwa uchungu, lakini watu sita wakinyamaza wote bila kuteleza hata siku moja, mtazamaji anahisi mkono wa mwandishi umewaziba midomo.

Hapa ndipo F9 ya mwaka 2021, filamu ya tisa ya mfululizo wa Fast & Furious, inaponipa shida. Shujaa wake, Dominic Toretto, analetewa mdogo wake, Jakob, baada ya miaka 20 ya filamu. Sababu ipo: Dom aliamini kwamba Jakob ndiye aliyesababisha kifo cha baba yao kwenye mashindano ya magari, akamfukuza. Kama sababu ya kibinadamu haina kasoro. Watu hukana ndugu zao kwa makosa madogo kuliko hilo. Tatizo ni kwamba katika filamu ya kwanza, ya mwaka 2001, Dom anasimulia kifo hicho hicho cha baba, kwa kirefu, karakanani, na jinsi alivyompiga mtu aliyemlaumu kwa ajali ile. Ni kisa ambacho ndani yake, kwa mujibu wa filamu ya tisa, Jakob alikuwa mmoja wa waliolihudumia gari la baba siku hiyo. Ukimya umeangukia mahali palepale ambapo jina lilipaswa kuwepo. Dada yao Mia naye amekuwa humo tangu mwanzo, na hakuwahi kuteleza. Na juu ya yote, mfululizo mzima umejengwa juu ya neno familia, linalorudiwa mezani filamu baada ya filamu. Mtu anayesema sana juu ya familia hawezi kumficha ndugu kwa urahisi ule ule wa mtu asiyesema chochote. Nahodha wenu amewarahisishia, hakuwa msemaji.

Linganisha na Thor: Ragnarok ya mwaka 2017. Hela ni dada mkubwa ambaye filamu mbili za Thor hazikumtaja kabisa. Ukiandika majina ya wanaojua, unapata jina moja lenye uzito: baba yao, Odin, aliyemfungia binti huyo na kulifuta jina lake. Hela anapoingia kwenye jumba la kifalme anabomoa michoro ya darini, yenye amani na sherehe, na nyuma yake inatokea michoro ya zamani, ya baba na binti wakiteka nchi kwa damu. Kwa nini hakutajwa? Kwa sababu ufalme mzima ulipakwa rangi ili asitajwe. Kufichwa kwake ndiyo habari yenyewe, na inatufanya tumtazame upya yule mzee mwenye hekima wa filamu zilizotangulia.

Njia ya tatu ni kupunguza wanaojua hadi wawili waliopatana. Katika Star Trek II ya mwaka 1982 tunakuta Admirali Kirk, shujaa wa safari za anga, ana mtoto mtu mzima, David. Mama wa mtoto alimwomba baba akae mbali, naye akakaa mbali. Linaelezwa kwa sentensi chache kati ya watu wawili waliochoka, bila kuonyeshwa hata picha moja ya zamani, na tunaamini papo hapo kwa sababu tunamjua Kirk: mtu aliyechagua meli. Creed ya mwaka 2015 ikaenda mbali zaidi. Kijana ni mtoto wa Apollo, yule bondia rafiki wa Rocky katika filamu za Rocky, naye alizaliwa nje ya ndoa baada ya Apollo kufa, kwa hiyo marehemu hakuwa na la kuficha, na Rocky hakuwa na la kusema. Hakuna aliyenyamaza. Ndiyo njia safi kuliko zote kwa mtoto, ila kwenu haitumiki, kwa kuwa kaka wa damu moja aliyekua naye pamoja hawezi kutojulikana na nahodha.

Kuna hasara nyingine ambayo wenzako hawakuitaja, nami naiogopa kuliko hiyo ya udanganyifu. Historia mpya inaweza kuwapunguza watu wa filamu za nyuma. Spectre ya mwaka 2015 inatuambia kwamba Blofeld, adui mkuu na kiongozi wa genge la Spectre, ni Franz Oberhauser, mtoto wa mlezi aliyemtunza jasusi James Bond baada ya kufiwa na wazazi, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya maumivu yote ya Bond katika filamu tatu zilizotangulia. Chanzo cha hilo kwa kiasi fulani kiko nje ya hadithi. Haki za kutumia jina la Spectre na Blofeld zilikuwa zimefungwa na mgogoro ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kati ya Ian Fleming, mwandishi wa riwaya za Bond, na mtayarishaji wa filamu Kevin McClory, na zilirudi kwa wenye filamu za Bond Novemba 2013 tu. Casino Royale, Quantum of Solace na Skyfall zilitengenezwa pasipo ruhusa ya kumtaja mtu huyo. Haki ziliporudi, ikaonekana vema kumfanya awe alikuwepo siku zote.

Matokeo yake yanamwangukia Silva, adui wa Skyfall. Huyu alikuwa na kisa chake mwenyewe: wakala aliyetolewa kwa maadui na bosi wake, M, akateswa, akarudi kumtafuta kama mtoto anayemtafuta mama aliyemtupa. Alipotumwa na mtu mwingine, hata kama ni kwa maneno mawili tu ya filamu iliyofuata, kisa chake kinapungua kimo. Anakuwa mfanyakazi. Filamu moja imeazima nguvu kutoka kwa tatu zilizotangulia na haikurudisha.

Spider-Man 3 ya mwaka 2007 ilifanya jambo la namna hiyo kwa upole zaidi lakini mahali penye kidonda zaidi. Katika filamu ya mwaka 2002 Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, anamwacha mwizi apite kwa hasira ya kitoto, na mjomba wake anauawa usiku huo. Ujasiri wote wa Peter unaanzia hapo. Filamu ya tatu inasema bastola ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, Flint Marko. Marko anapata huruma yetu, na mwigizaji wake alistahili huruma hiyo. Lakini kamba kati ya kosa la Peter na kifo cha mjomba inalegea, na kamba hiyo ndiyo iliyokuwa imefungia filamu mbili.

Kwa hiyo orodha yako ya pili iwe ya vitu ambavyo kaka haruhusiwi kuvigusa. Kama katika sehemu ya kwanza nahodha alipoteza meli kwa uamuzi wake mbaya, msije mkasema kaka ndiye aliyeiharibu injini. Mwacheni nahodha na kosa lake. Adui wa sehemu ya tatu aliyewatisha watu kwa sababu zake, abaki na sababu zake. Nawasihi mlishike hili hata mtayarishaji akisisitiza, na atasisitiza, maana wazo la “alikuwa nyuma ya yote” hupendeza sana mkutanoni.

Pia kuna kipimo kimoja ambacho kinachukua dakika kumi. Chukua muhtasari wa sehemu ya nne, ufute neno kaka kila lilipo, weka “mtu aliyewahi kufanya naye kazi”. Usome tena. Kama hadithi inakwenda vilevile, pigano ni lile lile na mwisho ni ule ule, basi undugu ni pambo. Kwenye Spectre ukifuta undugu, mtambo wa upelelezi ni ule ule na nahodha wa uovu ni yule yule. Jaribu kufuta undugu wa Vader na Luke, uone. Kabla ya kujua, kazi ya Luke ilikuwa kumwangamiza mtu. Baada ya kujua, kazi yake ni kuamua kama mtu huyo anaweza kuokolewa. Filamu ya mwaka 1983 haiwezi kusimama bila jambo hilo. Filamu hiyo hiyo inatuambia pia kwamba Leia ni dada yake Luke, na hilo halikubeba mzigo mkubwa namna hiyo. Lilimaliza swali la nani atampenda nani, likatuachia lile busu la filamu iliyotangulia ambalo hakuna namna ya kulifuta.

Lakini kwenye kipimo hiki mfano wangu wa kweli ni Captain America: Civil War ya mwaka 2016. Tangu mwaka 2008 tulijua wazazi wa Tony Stark, yaani Iron Man, walikufa kwa ajali ya gari. Hakuna aliyelitilia shaka. Mwaka 2014, katika filamu iliyokuwa ikizungumzia mambo mengine, picha ya gazeti lenye habari za kifo hicho inapita haraka kwenye skrini wakati adui anajigamba kuhusu “ajali” alizozipanga. Haisemwi zaidi ya hapo. Miaka miwili baadaye Tony anawekewa mkanda wa tarehe 16 Desemba 1991, na anamwona Bucky, rafiki kipenzi wa Steve, yaani Captain America mwenyewe, akiwaua baba na mama yake. Hiyo peke yake ingetosha kwa waandishi wengi. Waandishi hawa wanaongeza hatua moja: Tony anamgeukia Steve na kumuuliza kama alijua. Steve anakwepa kwanza, kisha anakubali. Hapo ndipo linapovunjika. Muuaji alikuwa ametawaliwa akili, anaweza kusamehewa siku moja. Rafiki aliyejua akanyamaza, huyo ni habari nyingine. Wameutoa ukimya kwenye kapu la matatizo ya waandishi wakaukabidhi kwa mhusika, ukawa ndio kisu.

Nimefika kwenye sentensi yenu.

“Mimi sina ndugu.” Nani husema maneno haya? Husema mtu aliyezaliwa peke yake, ni kweli. Lakini nasi sote tumewahi kumsikia mama akisema “mimi sina mtoto anayeitwa hivyo”, akiwa amemzaa na kumnyonyesha. Kwa Kiswahili chetu “sina” mara nyingi haihesabu watu. Inafunga mlango. Aliyekanwa huwa hayupo, na anayemkana huwa hadanganyi anapozungumza, anatoa hukumu. Waandishi wenzako wameisoma sentensi ile kama taarifa ya sensa. Isomeni kama kiapo.

Nendeni mkaitazame, msiisome kwenye skripti. Tazameni uso wa mwigizaji, mhesabu sekunde kati ya swali la muuguzi na jibu. Kama amejibu haraka mno, ni mtu ambaye jibu hilo analo tayari kila siku. Kama ameangalia dirishani kwanza, mna dirisha. Mkishaona alichokifanya, andikeni kaka anayelingana na uso ule, kwa sababu picha ile haibadiliki tena na kaka bado anabadilika. Hapo ndipo wengi hukosea: wanamtunga ndugu kwanza, kamili, na kazi yake na sababu za uadui wake, halafu wanahangaika kumpachika kwenye filamu zilizokwisha kutoka. Fanyeni kinyume. Wapeni filamu tatu nafasi ya kuwaambia huyu ni kaka wa namna gani. Nimewahi kufanya kazi kwenye mfululizo ambao tulimrudisha mama wa mhusika tukiwa tumeshamaliza kumwandika, na tulipokuja kutazama vipindi vya awali tukakuta mhusika anacheka kila anapomtaja. Mama wetu mpya alikuwa katili. Tulichelewa kubadilisha, na watazamaji waliliona siku ya kwanza.

Mkazitazame sehemu zote tatu kwa siku moja, na kila mmoja wenu awe na daftari lake. Msitafute mahali pa kuficha kaka. Tafuteni vitu vidogo visivyo na maelezo. Kwa nini nahodha hafungui barua asubuhi ile? Kwa nini anafunga fundo lile kwa mkono wa kushoto? Katika The Godfather ya mwaka 1972 kuna msichana kwenye harusi, Lucy Mancini, ambaye Sonny, mtoto mkubwa wa bosi, anaondoka naye kwa siri. Miaka 18 baadaye sehemu ya tatu ilihitaji mrithi mwenye damu ya moto, ikamleta Vincent, mtoto wa Sonny na Lucy. Hakuna aliyepanga mwaka 1972. Mlango ulikuwa wazi tu, na mtu akakumbuka kuutazama.

Kuhusu namna ya kumwingiza kaka kwenye sehemu ya nne yenyewe, nina mawili ninayoyaamini na mengine nawaachia. La kwanza, jina lake lisitoke kinywani mwa nahodha. Mtu aliyefunga mlango haufungui mwenyewe kwa kusimulia. Litoke kwa mtu mwingine, ikibidi kwa bahati mbaya, mbele ya mabaharia wake, na tuone wanavyomtazama. Wao ndio watazamaji wenu, wamesafiri naye filamu tatu na hawakuambiwa. Mpeni mmoja wao haki ya kukasirika. Swali la “mbona hukusema” likiulizwa kwa sauti na mtu tunayempenda, ukumbini hakuna atakayelazimika kuliuliza.

La pili, msikimbilie picha za utotoni. Najua zinavutia: watoto wawili ufukweni, mashua, mawimbi. Mtazamaji ana kumbukumbu zake za nahodha, za filamu tatu, na hizo zina nguvu kuliko kipande chochote mtakachokipiga leo na watoto wawili asiowajua. Waacheni ndugu hawa wasimulie kisa kimoja kila mtu kwa namna yake, na visilingane. Kama mtaonyesha ya zamani, onyesheni kitu kimoja tu, na kichelewe, tukiwa tumeshachagua upande na picha ile ituyumbishe. Ile michoro ya darini ilikuwa sekunde chache.

Na mtayarishaji? Muulizeni kwa heshima anachokitafuta hasa anaposema kaka. Mara nyingi wazo la namna hii lina chanzo chake nje ya hadithi, na si dhambi. Yuko mwigizaji aliyepatikana anayefanana na stelingi. Yuko mwigizaji wa zamani aliyekataa kurudi. The Godfather Part II ilimkosa Richard Castellano aliyemcheza Clemenza, akazuliwa Frank Pentangeli, mzee wa familia ambaye hatukuwahi kumsikia, naye akawa mmoja wa watu wasiosahaulika wa filamu ile. Mkilijua hitaji lake mnaweza kulitimiza bila kulazimika kumtii neno kwa neno. Pengine anataka adui ambaye nahodha hawezi kumpiga na kulala usingizi. Kaka anatosha kwa hilo. Pengine anataka tu sura kubwa kwenye bango, na hapo kaka ni gharama kubwa mno kwa bango.

Kama mtaendelea naye, na nadhani muendelee, fanyeni jambo moja kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Ulizieni kama mwigizaji aliyecheza yule muuguzi wa sehemu ya pili bado anapatikana. Kati ya wote waliomo kwenye mfululizo, yeye peke yake ndiye aliyeambiwa ile sentensi kwa mdomo wa nahodha. Mrudisheni. Kaka akijeruhiwa, aletwe kwenye wodi yake, aulizwe kama kawaida ana ndugu gani wa kuitwa, ataje jina, na yeye muuguzi asimame na kalamu mkononi, akilikumbuka jibu aliloandika mara ya kwanza.